Pete ya Rujewa na nyota za Kilimia

Tarehe 1 Septemba 2016 baadhi yenu mlikuwa Rujewa kutazama kupatwa kwa jua. Nami nilikuwepo, na miwani ya kuazima, nimebanana na mama mmoja aliyekuja na beseni la maji. Jua likabaki pete, tukashangilia. Lakini ndugu zangu, pete ile isingemsaidia Einstein hata kidogo, yeye aliyesema mwanga wa nyota ukipita karibu na jua hupinda, nyota ikaonekana imesogea. Mwanga wake mkali mno, nyota zilizo karibu na jua hazionekani. Yeye alihitaji jua lipatwe lote.

Likapatwa tarehe 29 Mei 1919. Mwezi wa Mei jua hukaa upande wa Kilimia, ndiyo maana wakati huo Kilimia hatukioni. Jirani yake kuna fungu jingine la nyota zinazong'aa. Eddington, mwanaanga Mwingereza, akaenda kuzipiga picha kisiwani Principe, ambako mawingu nusura yamharibie kazi. Wenzake wakaenda Sobral, Brazili. Picha hizo zikalinganishwa na nyingine za nyota zilezile, zilizopigwa jua likiwa mbali nazo.

Gawanya nyuzi moja ya pembe mara 3,600, upate sekunde ya nyuzi. Kwa hesabu za Newton, mwanga ukiuchukulia kuwa chembe zinazovutwa kama jiwe, nyota iliyo ukingoni mwa jua ingeonekana imesogea sekunde 0.87. Einstein, mwaka 1915, alisema 1.75. Huo ni upana wa sarafu ukiitazama kutoka kilomita 3 hivi! Picha zikamwelekea Einstein.

Kwa nini mara mbili? Hapo ndipo penye utamu. Dereva anayeshuka Kitonga hakati kona kwa sababu kuna mtu anamvuta kwa kamba. Barabara ndiyo iliyopinda. Jua nalo, kwa Einstein, halivuti kamba. Limepinda nafasi, limepinda na wakati, na mwanga unajipitia njia iliyonyooka kuliko zote zilizopo. Nusu ya kusogea kule inatokana na wakati, nusu na nafasi. Newton nafasi hakuigusa.

Wakati unapindaje? Ukiwa juu, saa hukimbia zaidi. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo saa zetu huzitangulia za Dar kwa takriban sehemu 6 za milioni ya sekunde kila mwaka. Chukua mapacha, mmoja alelewe hapa, mwingine Dar. Wakikutana na miaka 70, wa Mbeya kamzidi mwenzake kwa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wa Dar atoe shikamoo.