Nani Anadaiwa? Mifuko Miwili ya NATO

Mabibi na mabwana, kuna neno linaniudhi katika mjadala wa nani anachangia kiasi gani katika NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini: "deni". Ikitajwa tu, utasikia nchi fulani "inadaiwa". Inadaiwa na nani?

Tunachanganya mifuko miwili. Wa kwanza ni wa pamoja kweli. Nchi zote 32 huuchangia kwa kadiri ya uchumi wao. Mwaka 2024 na 2025 Marekani na Ujerumani zilitoa takriban asilimia 16 kila moja. Unalipia makao makuu ya Brussels, kamandi za kijeshi na ndege za rada, na ni mdogo mno ukiuweka kando ya bajeti za majeshi. Wa pili, kusema kweli, si mfuko: ni zile fedha ambazo kila nchi inatumia kwa jeshi lake yenyewe. Ile asilimia 2 ya pato la taifa iliyoahidiwa kwenye mkutano wa NATO huko Wales mwaka 2014 iko huku. Asiyeifikia hana deni kwa mtu. Ametegea tu, na kutegea ni kosa, sikatai.

Mwaka ule waliokuwa wamefikia asilimia hiyo ni watatu: Marekani, Uingereza na Ugiriki. Ugiriki! Ilikuwa ikimwogopa nani? Uturuki, mshirika wake, waliyejiunga naye pamoja mwaka 1952. Tena sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kwenye mishahara na pensheni. Sasa tazama Iceland, mwanachama mwanzilishi wa 1949 asiye na jeshi. Lakini ni kutoka uwanja wake wa ndege wa Keflavík ambako ndege za Marekani zilifuatilia nyambizi za Kisovieti kwa miaka mingi. Uwanja huo utaupa asilimia ngapi?

Mwaka 2025, huko The Hague, lengo likapandishwa hadi asilimia 5 ifikapo 2035; 1.5 kati yake ni ya mambo kama miundombinu na usalama wa mitandao. Nawaona wahasibu wakiivisha barabara magwanda.

Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO, ya kusaidiana anaposhambuliwa mmoja, imetumika mara moja tu: baada ya Septemba 11, 2001. Ndege saba za rada, za mfuko ule mdogo, zilivuka Atlantiki. Wahudumu 830 kutoka nchi 13 walipokezana zamu angani hadi Mei 2002, na anga waliyoilinda ilikuwa ya Marekani.