Bao Halitaki Mtu Mmoja

Assalaam alaykum, ndugu zangu na wanangu.

Nimeombwa niseme kama mtu akitaka kupumzika bora awe peke yake au na wenzake. Nitajibu kwa bao, maana ndilo lililokula jioni zangu nyingi barazani Mji Mkongwe.

Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, na 22 anabaki nazo mkononi. Hizo huzinamua, yaani huziingiza ubaoni, moja moja. Zikimalizika mnaingia mtaji, yaani mnacheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Kwa hesabu hiyo bao ni la watu wawili. Lakini kaeni barazani mtazame: ni la watu kumi. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, hawezi kuondoka mpaka ajue nani kafungwa. Kuna mzee mmoja hasemi neno mchezo mzima, ila mkono wangu ukielekea shimo baya, kikombe chake kinasimama karibu na mdomo. Nimejifunza bao kwa kukitazama kikombe kile.

Hata hivyo, msidhani namdharau anayekaa peke yake. Ujanani nilifungwa jioni nzima, nikarudi nyumbani sina usingizi. Nikatandika mkeka, nikawasha taa, nikaupanga ubao na kucheza pande zote mbili. Raha haikuwapo, kwa sababu huwezi kumshtukiza mtu ambaye ni wewe mwenyewe. Lakini usiku ule ndipo nilipoliona kosa langu: nilisafiri na nyumba, yaani nilizitoa kete zake na kuzisambaza, mapema mno. Barazani, kwa kelele na vijembe, nisingeliona. Kwa hiyo kijana akikaa ufukweni peke yake, tusimwendee mbio kumuuliza anaumwa nini. Huenda anaupanga ubao wake.

Siku hizi bao lipo hata kwenye simu. Sawa, chezeni. Ila simu inazisambaza kete yenyewe, na vidole havipati kuzijua komwe, zile mbegu tunazozifanya kete. Na ukifungwa hakuna wa kukucheka, wala wa kukununulia kahawa baadaye.

Sasa nina jambo linaloniuma, na nalisema mbele ya wazee wenzangu. Tunapowaambia watu watoke wakae na wenzao, tunawaambia nani? Baraza zetu nyingi ni za wanaume. Binti yangu nilimfundisha bao uani, akiwa mdogo hata kete nne hazienei kiganjani mwake. Leo ananifunga, tena si kwa kumwachia. Lakini kwa miaka yote hiyo mpinzani wake ni mimi tu, na nikisafiri anaupanga ubao anacheza na nafsi yake. Yeye hakuuchagua upweke huo. Sisi ndio tuliompa, kwa kutosogea kidogo kwenye kibaraza.

Leo nimekuja naye. Ubao uko pale nje chini ya mwarobaini, kete 64 zimeshahesabiwa, na Magharibi bado. Nani anakaa naye?