Pia Kuukuu Zirudi Uwanjani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, na nawashukuru zaidi wale mlioitikia ombi langu mkaja na pia zenu za kuchezea mifukoni. Nimeziona pale mezani, nyingine zina hali ngumu. Tutazifikia.

Nianze na hii niliyoishika. Ni pia ya mti wa mpera. Alinichongea babu mzaa mama, Pongwe, hapa Tanga, nikiwa darasa la tatu. Chini ina msumari uliokatwa kichwa, na ukiupapasa utaona umelala kidogo upande mmoja, kwa sababu wa kwanza ulichomoka na wa pili niliupigilia mwenyewe kwa jiwe. Kamba yake ilikuwa ya mkonge. Unachukua nyuzi, unazisokotea pajani mpaka ngozi inawasha, unaizungushia pia kuanzia kwenye msumari kupanda juu, kisha unairusha na kuvuta kwa mpigo mmoja. Kiswahili kimelipa goti letu jina hilohilo, pia ya goti. Mtu aliyewahi kuanguka akiifukuzia pia yake barabarani atakuambia viumbe hawa wawili wanafahamiana vizuri.

Na hii ya pili. Hii niliitoa kwenye fungu la midoli ya mtumba, Ngamiani, kwa shilingi elfu mbili. Muuzaji aliniambia ni kipuri cha gari la mtoto. Ilikuwa imejaa vumbi na utando wa buibui, lakini nilipoipima kwa kiganja nilijua, maana uzito wake wote uko pembeni. Ni Storm Pegasus 105RF, pia ya Kijapani.

Watu huniuliza: Wajapani na mpera wa Pongwe, wapi na wapi?

Pia hizi zinaitwa Beyblade. Za kwanza zilitolewa Japani na kampuni ya Takara mwaka 1999, lakini nyuma yake kuna mchezo mkongwe wa mtaani uitwao beigoma. Koma ni pia kwa Kijapani, na hiyo bei imetokana na bai, aina ya konokono wa baharini. Watoto walichukua gamba lake, wakalijaza mchanga, wakaziba mdomo kwa nta au risasi iliyoyeyushwa, wakalizungushia uzi na kulirusha. Baadaye zikaanza kusubiwa kwa chuma, ndogo, za kuenea kwenye ncha za vidole. Uwanja ulikuwa kitambaa kigumu kilichowambwa juu ya ndoo au pipa, kikabonyea katikati kama ngoma iliyolegea. Pia zinaingia, zinateremka kukutana, na itakayotupwa nje imeshindwa. Sisi wa hapa tumeyakanyaga magamba ya namna ile Raskazone miaka nenda miaka rudi, na mimi kila nikiyaona sasa naona pia.

Watoto wale hawakuridhika na beigoma kama ilivyotoka kiwandani. Waliisugua kwenye sakafu, wakaipiga tupa, wakaipunguza kimo ili imchote mwenzake kutoka chini, wakanoa kingo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kubadili pia ni kuivunjia heshima, simkubalii. Mchezo huu ulizaliwa na tupa mkononi. Nina ugomvi wangu na tupa, lakini ni ugomvi mwingine, nao unakuja.

Kwanza tuisome hii. Storm Pegasus 105RF: jina hilo ni orodha ya vipuri. Storm ni gurudumu la chuma, ndilo linalobeba uzito na kupiga. Pegasus ni pete ya plastiki iliyokaa juu ya gurudumu. 105 ni shina, na namba inakupa kimo chake, milimita 10.5. RF ni ncha, bapa na ya mpira. Juu kabisa kuna skrubu yenye picha usoni, inayovifunga vyote. Sehemu tano. Basi ukiletewa Earth Eagle 145WD hujaambiwa neno lakini umeshajua kwamba shina lake ni milimita 14.5, yaani inasimama juu kuliko Pegasus, na Pegasus itaipiga chini ya mbavu. Umejua pia kwamba ncha ni tofauti: WD ni pana, imechongoka katikati, inaituliza pia mahali pamoja, wakati RF inang'ang'ania sakafu na kukimbia uwanja mzima kama mbuzi aliyekatika kamba.

Sasa fungua skrubu. Toa ncha ya mmoja mpe mwingine. Nusu dakika, una pia mpya ambayo dukani haikuwahi kuwepo, na kesho kila kipuri kinarudi kwake. Kubadili kwa namna hiyo nakupenda kuliko kote. Kijana mwenye pia nne za chuma ana kazi ya mwaka mzima bila kugusa tupa.

Kwa nini uzito uwe pembeni? Tanga ni mji wa baiskeli, sihitaji ubao. Rudi nyumbani, pindua baiskeli miguu juu, zungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Linaendelea muda mrefu kwa sababu uzito uko kwenye ringi na tairi, mbali na ekseli. Rundika uzito uleule katikati, litachoka mapema. Waliotengeneza pia za mwanzo walilijua hilo. Zilikuwa za plastiki, lakini ndani waliweka diski ya chuma, na diski zikawa za aina nyingi ili mchezaji achague mwenyewe uzito ukae wapi. Mwaka 2008 chuma kikatoka tumboni kikawa nje, kikawa ndicho kinachopiga. Mtu aliyewahi kusikia mlio wa chuma kwa chuma ndani ya karai hausahau.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni upande wa kuzunguka. Pia nyingi huzunguka kulia. Lightning L-Drago 100HF huzunguka kushoto na ina kirushio chake, yaani kifaa cha kuirushia badala ya kamba. Pia mbili za upande mmoja zikigusana, kingo zao zinakutana zikitoka pande mbili, ndiyo maana unasikia kishindo na moja inaruka. Zikiwa za pande tofauti, pale zinapogusana kingo zinakwenda pamoja kama meno ya gia, na yenye kasi inaigawia isiyo na kasi. Kwa hiyo ukiona L-Drago inakaribia kuzimika, kisha inasuguana na mwenzake na kufufuka, hakuna uchawi.

Mnaotafuta kwenye mafungu, angalieni maandishi. Takara iliungana na Tomy mwaka 2006. Pia iliyoandikwa TAKARA peke yake ni ya kabla ya hapo, iliyoandikwa TAKARA TOMY ni ya baadaye. Mkiona HASBRO, hiyo ni ya kampuni ya Marekani iliyozisambaza nchi za nje. Feki zimejaa. Gurudumu lake linacheza kwenye shina, mshono wa kalibu unakwaruza kidole, na uzito haupo. Mimi huenda kwa sonara jirani yangu anipimie kwenye mizani ya dhahabu, ile halisi na ile ninayoitilia shaka, moja baada ya nyingine. Ananivumilia. Lakini feki msizitupe. Hizo ndizo za kujifunzia tupa na msasa.

Na hapo ndipo ugomvi wangu. Beigoma ilikuwa chuma cha bei ya mtoto, ukiisugua ikaharibika unanunua nyingine kesho. Pegasus ya 2009 haisubiwi tena kila siku. Milimita moja ukiiondoa kwenye gurudumu lile umeiondoa moja kwa moja, na uzito hautabaki sawa pande zote, itayumba maisha yake yote. Nimeletewa pia nzuri zilizonolewa kama visu na vijana wenye nia njema, na roho iliniuma. Piga tupa feki. Piga tupa kipuri kilichokwisha kuvunjika. Halisi iliyo nzima, badili kile tu unachoweza kukirudisha.

Nasema haya kwa sababu nimeyalipia. Ile RF ya Pegasus wangu ilikuwa nyeusi kwa uchafu. Nikaiweka kwenye kifuniko cha chupa, nikamimina mafuta ya taa, nikaenda kuswali alasiri, nikapita kwa rafiki yangu. Niliporudi mpira ulikuwa umevimba umekuwa kama ulimi wa ng'ombe, umejikunja ukachomoka kwenye kikombe chake. Niliukausha juani siku tatu. Ulisinyaa, lakini ulirudi na nyufa, na ukiubonyeza unabaki umebonyea. Mpira wa namna hii unataka maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, basi. Petroli, mafuta ya taa na tina visiukaribie.

Nilifanya nini? Nilikwenda kwa mkereza mbao, nikampa ile ncha iliyoharibika kama mfano, akanikerezea nyingine kwa kipande cha mpingo. Uso wa chini nikaubandika mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikaupunguza kwa msasa huku nikiuzungusha. Mara ya kwanza ulikaa upande. Mara ya nne ulikaa sawa. Sasa inakimbia, labda haikimbii kama ya Japani, lakini inakimbia, na ile asili iko kwenye pakiti ndogo na nyufa zake, imeandikwa tarehe. Siku nikipata RF nyingine, mpingo utatoka na Pegasus atakuwa kama alivyozaliwa.

Upepo wetu wa bahari nao mwaujua. Unakula springi ya kirushio kabla hujagundua. Weka virushio kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na kitambaa chenye mkaa mkavu, na ubadilishe mkaa wakati wa masika. Pia zenyewe zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya mchezo. Na zicheze. Sikuja kuwaambia mzifungie kabatini.

Uwanja wetu wa leo ni dishi bovu la televisheni, nimelikata kingo na kulisugua. Mwanangu pale mbele mwenye fulana ya bluu, umesema skrubu ya pia yako imekwama tangu mwaka juzi. Isogeze hapa kwenye taa. Usiilazimishe kwa sarafu, utakwangua uso wake. Nipe bisibisi ile nyembamba, na mwingine ashike shina chini, hivyo, kwa vidole viwili.