Waja Leo, Waondoka Leo: Mhadhara wa Tanga Kuhusu Nchi Kutoka Jumuiya

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Mji huu una sifa yake: waja leo, waondoka leo. Kwa mgeni wa Tanga hilo ni jambo la kheri. Nchi inayotaka kutoka Jumuiya ya Afrika Mashariki haina wepesi huo, na jioni hii tutaona inakwamia wapi. Nianze na Fuso ya machungwa.

Tuseme imepakia Muheza, inakwenda Mombasa. Horohoro haisimami. Mpaka wetu ni wa kituo kimoja, kwa hiyo anayetoka Tanzania anamalizia shughuli zote Lunga Lunga, mbele ya maofisa wa nchi mbili waliokaa jengo moja, na anayeingia anamalizia Horohoro. Dereva ana karatasi mbili za msingi. Ya kwanza ni cheti cha usafi wa mimea. Ya pili ni cheti cha uasili, kinachoshuhudia kwamba mzigo umezalishwa nchini. Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti kilichorahisishwa, kinachogongwa muhuri hapo hapo mpakani. Ukiwa nacho, ushuru wa forodha ni sifuri.

Sasa iondoe Jumuiya. Cheti cha mimea kinabaki, maana wadudu hawasomi mikataba. Cheti cha uasili kinakuwa karatasi tu. Kenya italazimika kuyatoza machungwa yale ushuru wa pamoja unaotozwa nchi za nje, ambao viwango vyake tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Tuchukue 25 kwa mfano. Mzigo wa dola 1,600 unadaiwa dola 400 kabla haujaonana na mnunuzi. Kwa 35 zinakuwa 560. Na kinachouma zaidi ni hiki: machungwa ya Misri yataendelea kuingia Mombasa bila ushuru, kwa sababu Misri na Kenya zote zimo COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ya Muheza, yanayoweza kufika siku hiyo hiyo, yatalipa.

Hapo ndipo wanapoteleza wanaosema, "Mbona COMESA tulitoka na hatukufa?" Kweli tulitoka, mwaka 2000, baada ya notisi ya mwaka mmoja. Tuliona tumejaza uanachama unaopishana, michango inalipwa kila upande, na COMESA ilikuwa karibu kufungua eneo huru la biashara ambalo lingepunguza mapato ya forodha. Lakini tazameni tulikuwa tumekalia nini. Zambia na Malawi tulibaki nazo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kenya na Uganda tulikuwa nazo katika Jumuiya iliyokuwa ndiyo kwanza inafufuka, mkataba wake ukiwa umesainiwa Novemba 1999. Tulikunja mkeka mmoja tukakalia mwingine. Na wala hatukuondoka na kila kitu: kadi ya njano ya bima ya magari, ambayo madereva wetu wanavuka nayo mipaka, ni mpango wa COMESA, na tumo hadi leo. Benki iliyokuwa ikiitwa PTA nayo tuna hisa zetu.

Tukitoka Afrika Mashariki, Kongo tunaipata kupitia SADC. Kenya na Uganda hatuna nazo SADC. Kinachobaki zaidi ni mkataba wa biashara huru wa bara zima, ambao unashusha ushuru polepole, na ambamo nchi za Jumuiya zilipeleka jedwali moja la viwango. Anayetoka ataandika jedwali lake na kuanza kujadiliana peke yake.

Kuna jambo la pili ambalo kwenye midahalo halisikiki, nalo ndilo kubwa kuliko machungwa. Ofisa wa forodha pale bandarini Tanga anapothamini kontena, sheria anayoifungua ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Ndiyo inayompa mamlaka ya kukagua, kushikilia mali, kutoza adhabu. Siku nchi inapotoka, sheria hiyo inapoteza mguu wa kusimamia. Kama Bunge halikupitisha nyingine kabla ya saa sita ya usiku huo, asubuhi kila wakili wa mwagizaji ana hoja mahakamani. Waingereza walilijua hili. Mwaka 2018 walipitisha sheria ya kuzinakili sheria za Umoja wa Ulaya ziwe zao, ili wazibadilishe taratibu baadaye. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ila bila hiyo wangeamka hawana kanuni za chakula wala za dawa.

Kosa la Waingereza lilikuwa kwingine. Karatasi ya kura ya tarehe 23 Juni 2016 iliuliza kubaki au kutoka. Asilimia 51.9 wakasema kutoka. Haikuuliza kutoka kwenda wapi: kubaki kwenye soko la pamoja? Kubaki kwenye umoja wa forodha? Kuacha vyote? Kila aliyeshinda alikuwa na jibu lake kichwani, wakabishana wao kwa wao zaidi ya miaka mitatu na nusu hadi walipotoka tarehe 31 Januari 2020. Ireland ya Kaskazini ndiyo iliyowashinda kabisa. Hawakutaka vizuizi kwenye mpaka wa nchi kavu, basi ukaguzi wa bidhaa ukahamishiwa baharini, ndani ya nchi yao wenyewe. Wadigo, ambao nusu ya ukoo iko Mkinga kwetu na nusu Kwale ya Kenya, hawahitaji kufafanuliwa tatizo lile.

Na sisi tumeshaishi bila Jumuiya. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, katikati ya mwaka bajeti ya pamoja haikupitishwa, Jumuiya ikafa. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa mali ya watu watatu, na hakuna aliyekuwa na orodha ambayo wenzake waliikubali. Mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, alihangaika na mahesabu hayo kwa miaka, hadi Mei 1984 Arusha ukasainiwa mgao: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Tazameni tarehe hizo: miaka saba kugawana vyombo vya nyumba. Wafanyakazi waliostaafu walidai mafao yao mahakamani hata baada ya karne mpya kuanza, na wengine walizikwa wakidai.

Sisemi kwamba wanaotaka kutoka hawana hoja. Wanayo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakaa foleni. Sisi nasi, Julai 2025, tukawakataza wageni aina 15 za biashara ndogo, na jirani akalalamika kwamba soko la pamoja limevunjwa. Vikwazo visivyo vya ushuru ndiyo ugonjwa halisi wa Jumuiya hii, na ukibaki ndani bila kuudai utibiwe, kubaki kwako hakumfai mkulima. Kwa hesabu nilizonazo mimi siungi mkono kutoka, ila hoja ya vikwazo siwezi kuibeza.

Hoja ya ardhi, kwamba tukibaki ndani wageni watachukua mashamba yetu, ndiyo naomba tuiweke chini. Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inasema matumizi ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi. Shamba la Lushoto linalindwa na sheria ya Dodoma, tukiwa ndani au nje. Bomba la mafuta nalo, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, limesimama kwenye makubaliano ya Tanzania na Uganda, si ya Jumuiya. Asilitumie yeyote kututishia, wala kutubembeleza.

Atakayeleta hoja ya kutoka, mwambieni alete na njia. Iko Ibara ya 145 ya Mkataba: azimio la Bunge kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, si waliohudhuria tu, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Katika miezi hiyo unaendelea kutimiza wajibu wako wote, na ahadi za muda mrefu zinakufuata hata ukishatoka. Notisi inaweza kufutwa kabla ya muda kuisha. Ukiisha, kurudi ni kuomba upya kama mgeni yeyote. Somalia iliomba mwaka 2012, ikaingia 2024.

Karibuni maswali. Tuanze na wafanyabiashara wa Horohoro, maana wana safari.