Raga Haibandikwi Ukutani

Assalaam aleikum, na karibuni nyote. Kabla sijaanza, namwomba kijana aliye karibu na projekta aizime. Ahsante. Waandaaji wameniomba slaidi mara tatu wiki hii, na mara tatu nimewajibu kwamba nilichonacho ni koo la mwanafunzi wangu, huyu binti aliyekaa mkekani, na tambura, kinanda cha nyuzi kinachoshikilia sauti ya msingi, aliyoiegemeza begani. Tambura haitanyamaza mpaka tumalize. Nyuzi zake nne zinashikilia Sa na Pa, ya kwanza na ya tano katika zile swara, yaani noti, saba: sa, ri, ga, ma, pa, dha, ni. Na kila nitakachosema leo kipimeni kwa hizo.

Jambo langu ni moja, na wengine mmeshanisikia nikilisema Dar es Salaam na Mombasa: semina ya muziki wa Karnatiki, muziki wa jadi wa India Kusini, isiyo na mtu wa kuimba si semina ya muziki. Iiteni jina lingine.

Niliwahi kualikwa kwenye semina ya siku mbili katika chuo kikuu kimoja Ulaya. Mada 14. Wasomi hasa, sikatai. Siku ya kwanza ikapita, hakuna aliyefungua koo. Ya pili hivyo hivyo. Ukutani likakaa jedwali la melakarta 72, zile ngazi mama za swara ambamo raga, yaani njia za kuimba, hupangwa, la rangi rangi, watu wakanyanyuka kulipiga picha kwa simu. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kitamil. Nikautazama mkono wake wa kulia pajani: kofi, kidole kidogo, cha pete, cha kati. Alikuwa anahesabu tala, mzunguko wa mapigo, ya wimbo anaousikia yeye peke yake. Siku mbili zile, muziki wote uliokuwamo ukumbini ulikuwa kwenye paja la yule mzee.

Lile jedwali mnalijua, silielezi. Wanaolitukuza nawakumbusha hili tu: Venkatamakhin, mwananadharia wa muziki huu, alipopanga hesabu hiyo karne ya 17, katika kitabu chake Chaturdandi Prakashika, mela, yaani ngazi, alizozieleza kuwa zinatumika zilikuwa 19. Zilizobaki alizipata kwa hesabu, akawaachia watakaokuja baadaye. Ni hesabu ya akili kubwa, naiheshimu. Lakini ukiijua namba ya raga umejua tu imewekwa rafu ipi.

Sasa tuje kwenye raga ya Todi. Namba 8 katika jedwali. Na msiichanganye na Todi ya Kaskazini mwa India. Jina ni moja, raga ni mbili. Binti, tuimbie swara za Todi zikiwa zimenyooka, moja moja, kama zilivyoandikwa.

[Akaimba.]

Tamu, sivyo? Lakini Todi haimo. Ukiimba hivyo Chennai watadhani umeelekea raga nyingine, Sindhubhairavi. Swara zote ziko mahali pake, hakuna iliyokosewa, na raga yenyewe haipo. Sasa tuimbie ga peke yake. Ga ya Todi.

[Akaimba.]

Nani ameiona imesimama wapi? Haisimami. Inapaa kuelekea ma, inashuka kuelekea ri, inapaa tena. Pale jedwali linapoiandika ndipo inapopita bila kutua. Hiyo ndiyo gamaka. Na tafadhali msiniambie gamaka ni pambo. Hina ni pambo: ukiiondoa, mkono unabaki mkono. Hapa ukiondoa mtikisiko, Todi imeondoka yote.

Mimi ga hii nilifundishwa na mama mmoja wa Mylapore, mtaa wa zamani pale Chennai. Wiki tatu. Wiki tatu nzima, swara moja. Nakwenda alfajiri, namkuta ameshakaa, tambura inalia. Anaimba ga. Naimba. Anasema, "Illai." Maana yake hapana, siyo hiyo. Anaimba tena, mkono wake ukipanda na kushuka hewani kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na nikaona kwamba mkono haushuki kwa mwendo ule ule uliopandia: juu unakawia kidogo, chini unagusa tu na kuondoka. Naimba. "Illai." Hakunieleza lolote. Siku moja akaichukua vina yake, kinanda cha nyuzi. Vina ina vijiti 24 vya shaba vilivyokaa juu ya nta. Akaweka kidole kwenye kijiti kimoja, akauvuta uzi pembeni, na kidole hakikuhama kijiti. Sauti ikapanda, ikarudi, ikapanda, ikarudi. Nikaiona ga kwa macho. Kesho yake nikaimba, na mama yule hakusema "illai". Hakusema kitu. Akaendelea na ma.

Nyinyi wa hapa Unguja mna kila sababu ya kulielewa hili kuliko wale wa projekta. Nani katika ukumbi huu alijifunza kutamka dhaad kwa kusoma kitabu cha tajwid? Vitabu vipo, sheria zimeandikwa vizuri, makharij yamechorwa mpaka meno. Lakini ulikaa chini chuoni, maalimu akatamka, ukatamka, akasema rudia. Wewe wa taarab, rasti na bayati uliwekewa sikioni na aliyekutangulia. Basi kwa nini tukifika kwenye muziki wa Wahindi wa Kusini turidhike na picha ya simu?

Najua kuna atakayesema: mbona wenyewe wameuandika? Wameuandika, na walioandika ndio mashahidi wangu. Mwaka 1904, pale Ettayapuram, Subbarama Dikshitar, wa ukoo wa mtunzi Muthuswami Dikshitar, alitoa Sangita Sampradaya Pradarshini kwa Kitelugu. Ni kitabu kikubwa mno. Alishinikizwa akiandike, A. M. Chinnaswami Mudaliar alihangaika naye ili urithi ule usife na wazee. Na mzee yule alipoketi kuandika, hakuona inatosha kuandika sa ri ga ma. Akaweka alama za gamaka juu ya swara, kila aina na alama yake. Ile ya mtikisiko ni mstari wa mawimbi. Haya, nawauliza wasomaji: mawimbi mangapi? Mapana kiasi gani? Ya haraka au ya kukawia? Ukimpata mwalimu, mstari ule unakukumbusha alichokuimbia. Usipompata, ni mstari.

Na rekodi je? Rekodi zisikilizeni usiku na mchana. Zipo za T. N. Rajarathnam Pillai akipiga Todi kwa nagaswaramu, sauti inayojaza uwanja wa hekalu bila kipaza sauti. Mnaojua zumari yetu mtaitambua jamaa yake mara moja. Ila rekodi haikwambii "illai".

Mfano mwingine, kisha niendelee. Muthuswami Dikshitar, aliyefariki 1835, aliwahi kuishi Manali, karibu na Madras, ndiyo Chennai ya leo, na ngome ya Waingereza haikuwa mbali. Akasikia bendi za kijeshi. Akachukua lahani zao, akazitungia maneno ya Kisanskriti ya kuwasifu miungu. Mojawapo ni ile ya kumwombea mfalme wa Uingereza, ambayo wazee wetu hapa waliisikia vya kutosha. Swara za nyimbo zile ni za Sankarabharanam, namba 29. Ziimbe zimenyooka, unasikia buti za askari. Binti, imba Sankarabharanam yenyewe.

[Akaimba.]

Swara ni zilezile! Bendi imekwenda wapi?

Wapiga fidla, hili ni lenu. Fidla iliingia kule kupitia kwa Baluswami Dikshitar, mdogo wake Muthuswami. Ni fidla hii hii ya Kizungu mnayoipiga kwenye taarab. Wakaibadilisha namna ya kuishika: mpigaji anakaa chini, miguu ameikunja, kichwa cha fidla kinaegemea kifundo cha mguu wa kulia, upande wa pili kifuani. Matokeo yake mkono wa kushoto haubebi mzigo wowote, unateleza utakavyo juu ya uzi. Gamaka ilidai mkono huru, wakaupata. Kuna semina nzima nimewahi kuikaa kuhusu "athari za Ulaya" katika muziki huu, na fidla haikuletwa ukumbini. Ilitajwa mara 30 au zaidi, haikuletwa.

Sasa semina ya kweli ikoje? Sizui jipya, wenyewe walishafanya. Abraham Pandithar, tabibu wa mitishamba wa Thanjavur, Mkristo, tangu 1912 alikuwa akiwaita wanamuziki na wajuzi kwa gharama yake mwenyewe kujadili nadharia ya muziki. Ubishi wake mkubwa ulikuwa shruti, vipande vidogo vya sauti ndani ya oktava. Vitabu vya kale vinasema oktava ina shruti 22. Yeye akasema 24, na mwaka 1917 akatoa Karunamirtha Sagaram, kitabu kinene kwa Kitamil, kulithibitisha hilo. Mwaka 1916, kwenye mkutano wa muziki Baroda, alikwenda na wanawake wa familia yake ili muziki wenyewe usikike, si hoja peke yake. Kama alikuwa sahihi kuhusu 24, hilo tunaweza kugombana mpaka magharibi, na mimi simkubalii. Lakini alielewa kwamba hoja ya sauti hujibiwa kwa sauti.

Kisha Madras. Music Academy, jumuiya ya muziki ya huko, ilitokana na mkutano wa muziki wa Desemba 1927, uliokwenda sambamba na mkutano mkuu wa chama cha Congress, ikazinduliwa 1928. Mpaka leo, kila Desemba, jioni ni maonyesho, asubuhi ni mihadhara. Mwenye mada anakaa jukwaani na fidla na mridangamu, ngoma ya pande mbili, kando yake. Akisema raga fulani hupita ma kwa namna hii, anaimba namna hiyo. Na ukumbini kuna wazee waliosoma kwa mwalimu mwingine. Mmoja ananyanyuka, hana karatasi wala kipaza sauti, anasema: kwetu haiendi hivyo. Kisha anaimba. Nilishuhudia hayo asubuhi moja, mzungumzaji akanyamaza, akaomba arudiwe, akarudiwa, naye akaiimba palepale hadharani. Hiyo ndiyo semina ninayoitaka hapa.

Naonyeshwa saa. Nina dakika tano, na nilikusudia kusema kuhusu wanawake. Nitakimbia, na sipendi kulikimbiza hili. Ukumbi bora wa Madras enzi zake ulikuwa sebule ya mpiga vina Veena Dhanammal, Ijumaa jioni, watu wakizuia hata kikohozi. Alitoka katika jamii ya devadasi, wanawake waliobeba sehemu kubwa ya muziki na ngoma hizi kwa vizazi, kisha wakavunjiwa heshima na waliorithi kazi yao. Music Academy ilimpa mwanamke cheo cha Sangita Kalanidhi kwa mara ya kwanza mwaka 1968, naye ni M. S. Subbulakshmi. Hesabuni miaka tangu 1928. Mjukuu wa Dhanammal, Balasaraswati, akakipata 1973. Na suala la lugha, kwamba Watamil walikaa wakisikiliza Kitelugu na Kisanskriti katika kumbi zao wenyewe mpaka likazuka vuguvugu la Tamil Isai miaka ya 1940, hilo linataka siku yake. Tala sijaigusa kabisa. Basi tuiguse kwa mikono.

Binti ataimba wimbo wa mtunzi Tyagaraja, katika Todi, tala ya Adi, mapigo 8. Kiganja cha kulia pajani, kila mtu, na wageni wa mbele pia. Piga. Kidole kidogo. Cha pete. Cha kati. Piga, geuza kiganja. Piga, geuza. Tena. Taratibu, msikimbie, sikilizeni tambura. Tena. Ga ikipita mtaijua.

Binti, karibu.