Pindo la Kanga na Moyo wa Mwanamke

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu mliokaa nyuma karibuni mbele, viti vipo. Nimeombwa niongee kuhusu moyo na mambo ya kurithi, ndo maana nimekuja na kanga, hii hapa, mpya, haijafika kwa fundi. Angalieni ukingo wake, nikivuta hivi uzi unatoka, nikivuta tena mwingine unatoka. Ukiivaa bila kuipinda, kila ukifua nyuzi zinatoka, zinakula pindo taratibu mpaka siku moja zinafika kwenye mji.

Sasa ndani ya seli zako kuna kromosomu 46, nusu za mama nusu za baba, hizo ndo zimebeba jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi, na kila kromosomu ina ncha mbili kwa hiyo ncha 92. Kwenye ncha hamna maagizo yoyote, ni herufi 6 tu za DNA, ile kemikali ambayo jeni zimeandikwa ndani yake, TTAGGG, zinajirudia maelfu ya mara. Hiyo ndo telomea, pindo lenyewe. Seli ikijigawa, mashine ya kunakili DNA haifiki mwisho kabisa, inaacha kidogo, na pindo linapungua. Likiisha sana seli inagoma kujigawa.

Waliofumbua haya, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walipewa Nobel mwaka 2009. Wawili ni wanawake, na Greider alikuwa na miaka 23 tu, siku ya Krismasi 1984, alipoona kwenye matokeo yake dalili ya kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi ndani ya seli, kinachorefusha telomea. Nalisema hili kwa ajili ya mabinti wa sekondari mliopo hapa, mnaoambiwa sayansi ni ya wavulana.

Urefu wa telomea kwa sehemu kubwa unarithiwa. Wanawake kwa wastani tuna ndefu kuliko wanaume, na Waafrika kwa wastani tuna ndefu kuliko Wazungu. Sasa swali, je telomea fupi inaleta ugonjwa wa moyo au vinaenda pamoja tu kwa sababu sigara na uzee vinaleta vyote viwili? Watafiti wakatumia njia nzuri sana, wakaangalia jeni. Jeni unagawiwa siku ile mimba inatungwa, kabla hujaonja chipsi wala sigara, kwa hiyo waliogawiwa telomea fupi wakiugua zaidi, huwezi kusingizia maisha waliyoishi. Mwaka 2013 wakatambua sehemu 7 za jeni zinazohusika na urefu huo, na kweli, waliorithi fupi walikuwa na hatari kubwa kidogo ya mishipa ya moyo kuziba.

Kidogo, naomba mlishike neno hilo. Maana saivi mitandaoni wanauza vidonge vya kurefusha telomea, na dada mmoja hapa kaniuliza mlangoni kama anunue. Usinunue mdogo wangu. Waliorithi telomea ndefu, moyo unapata nafuu lakini hatari ya baadhi ya kansa inapanda, kwa sababu seli mbovu nayo inapata muda mrefu wa kuzaana.

Na pamoja na pindo letu refu, ugonjwa wa moyo na mishipa ndo unaua wanawake wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani. Utafiti mkubwa wa INTERHEART wa 2004, nchi 52, Afrika ikiwemo, ulikuta mambo 9 yanaeleza asilimia 94 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo kwa wanawake: presha, kisukari, sigara, mafuta kwenye damu, kitambi, msongo wa mawazo, pombe, kutokula matunda na mboga, kutofanya mazoezi. Na kuna kitu hatuulizwi kabisa, presha ya mimba. Uliyepata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito iliyokuja na protini kwenye mkojo, hata kama mtoto sasa yuko chuo, hatari yako ya moyo ni kama mara mbili ya mwenzako, kwa hiyo ukienda kliniki mwambie daktari hata asipokuuliza.

Mama yangu mdogo alilalamika wiki nzima, mgongo unauma juu huku, taya linavuta, kichefuchefu, akipanda ngazi anahema. Akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Hakushika kifua hata mara moja, ndo maana hakuna aliyewaza moyo, na mimi niliyesoma haya mambo nilikuwa naongea naye kwenye simu kila jioni namwambia apunguze pilipili. Tulimzika Jumamosi.

Presha yake tulikuja kuiona kwenye kadi ya zamani ya kliniki, 170 kwa 100, ya mimba ya mwisho. Baada ya hapo hakuna aliyempima tena.

Mashine ya presha iko pale mezani. Kaeni dakika 5 kwanza bila kuongea, miguu chini msiikunje, mkono juu ya meza. Tunaanza na waliowahi kupata presha wakiwa wajawazito, njooni mbele.