Mafuta Yanapohama: Mhadhara kwa Walezi, Malindi

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Nawashukuru kina mama, na zaidi kina bibi, maana wengi wa watoto hawa wanaoishi na VVU wamo mikononi mwenu.

Naanza na neno ambalo nikiliweka mwisho wengine watakuwa washaondoka: dawa za kupunguza makali ya VVU zisikatizwe. Mtoto aliyezaliwa na virusi asipotibiwa, uwezekano wa kufa kabla ya miaka 2 unakaribia nusu. Leo nazungumzia walionusurika, ambao sasa wamebaleghe na wanajitazama kwenye kioo, na jinsi dawa zinavyoyahamisha mafuta ya miili yao.

Wakubwa mnaikumbuka stavudini, dawa ya VVU ya zamani. Iliokoa wengi, ikaharibu sura za wengi. Ndani ya seli mna mitokondria, sehemu zinazotengeneza nguvu, na dawa ile ilizizuia kunakili vinasaba vyake. Mafuta ya mashavu, mikono na makalio yakayeyuka. Wengine wakaota tumbo na nundu kisogoni. Mtaani kidole kikanyooshwa. Kijana akaficha vidonge chini ya godoro, na mimi simlaumu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe hatua kwa hatua. Zidovudini, dawa nduguye, ina tabia hiyohiyo, japo kwa uchache, tena huweza kupunguza damu.

Kisha kuna dawa mbili zinazotolewa pamoja, lopinaviri na ritonaviri. Waliowanywesha watoto ile sharubati wanaujua uchungu wake, hata asali haikufua dafu. Virusi iliviweza, lakini hupandisha lehemu (kolesteroli) na mafuta mengine ya damu, na hapa ndipo tunapodanganyika: mtoto ni mwembamba kama ufito, nani atafikiria lehemu? Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo hukosa nguvu, kongosho inayoitengeneza ikalazimika kutoa zaidi. Wengi hawaugui kisukari utotoni, ila mishipa ya damu inabeba mzigo huo tangu mapema mno. Wala tusizitwike dawa lawama zote. Virusi vyenyewe huuchokoza mwili na kuumiza mishipa.

Tangu 2021 Kenya imekuwa ikiwapa wadogo dolutegraviri ya miligramu 10, kidonge kinachoyeyuka majini. Lehemu haiichezei sana. Baadhi ya watumiaji hunenepa. Tenofoviri, wanayopewa wakubwa kidogo, yataka figo na mifupa viangaliwe.

Sasa lalamiko langu. Kliniki tunapima wingi wa virusi, vikiwa havionekani tunapongezana, mtoto huyoo nyumbani. Kiuno hakikupimwa, presha hakuna aliyeigusa. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupima kiuno! Ulizeni. Ulizeni pia lini alipimwa lehemu na sukari mara ya mwisho, na muuguzi akikunja uso, ulizeni tena.

Chakula? Mbaazi sina ugomvi nazo, wala samaki. Ugomvi wangu ni viazi karai na soda kila jioni. (Tui zito tutalijadili siku nyingine, nisije nikafukuzwa Malindi.) Na mpira ufukweni asizuiwe kwa kuwa "ni mgonjwa".

Bibi pale nyuma anauliza kama mashavu ya mjukuu wake yatarudi. Bibi yangu, dawa iliyoyala ikishabadilishwa hurejea polepole, kwa miaka, na huenda yasijae kama mwanzo. Njoo naye kliniki na vikopo vyote vya dawa, hata vilivyokwisha, tuone alianza na ipi.